Descartes, mtu wa makare: maisha ya yule aliyeonyesha pahali kwa namba mbili

Ninyi mnaoshuka mashimoni na ninyi mnaobaki nyumbani kungojea habari za mashimo, leo hatuleti bei ya koltani. Tunaleta maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani sana, kule Ulaya, ambaye hakushika nyundo hata siku moja. Lakini jina lake linaingia kila siku ndani ya nyumba zenu, ndani ya kaye za watoto, na kazi yake iko ndani ya karatasi ambazo nyinyi wenyewe mnawekea sahihi.

Mambo ilianzia huku Kanyaruchinya. Kwa wasiopajua, ni upande wa kaskazini wa Goma, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo. Udongo ni kidogo, jiwe la volkano njo mingi. Mwaka 2012, na tena mwaka 2022, watu wengi waliokimbia vita walijenga vibanda vyao juu ya mawe haya. Familia nyingi huku ziko na mtu kwenye kare: papa, kaka, ao mjomba aliyekwenda Rubaya, Walikale ao Numbi.

Siku moja tulikuta watoto wameketi nje, kila mmoja na kaye ya makare juu ya magoti. Mwalimu alikuwa anawatajia namba mbili mbili, wao wanatia doa kwa biki, kisha wanaunganisha madoa. Hakuwaambia picha itakuwa ya nini. Mwishoni mmoja alicheka peke yake: alikuwa ameona nyumba. Tulipouliza somo hilo linaitwaje, wakajibu kwa Kifaransa cha shule kwamba ni repere kartezia. Huyo Kartezia ni nani? Hakuna aliyejua. Ni kwa sababu hiyo tunaandika.

Kartezia inatoka kwenye jina la René Descartes. Alizaliwa Ufaransa tarehe 31 Machi 1596, katika mji mdogo wa La Haye, eneo la Touraine. Leo mji huo wenyewe unaitwa Descartes. Mama yake, Jeanne Brochard, alikufa mtoto akiwa na mwaka mmoja tu na kidogo. Baba yake, Joachim, alikuwa mshauri wa mahakama kubwa ya Bretagne, mbali na nyumbani, kwa hiyo mtoto alilelewa na nyanya yake. Wengi wenu mnajua maisha ya namna hiyo: papa eko kazini mbali, koko njo analea.

Alikuwa mtoto wa afya ndogo. Walipomtuma kwenye shule ya mapadri Wayezuiti huko La Flèche, walimruhusu kubaki kitandani asubuhi wakati wenzake wanaamka mapema. Tabia hiyo haikumtoka tena. Kwa maisha yake karibu yote alipendaka kulala mpaka jua limepanda, lakini hakuwa anasinzia: alikuwa anafikiri. Shuleni alisoma Kilatini, falsafa na hesabu. Hesabu njo ilimpendeza kupita yote, juu ndani yake mtu hawezi kushinda kwa kupiga kelele. Kisha alisoma sheria huko Poitiers, akamaliza mwaka 1616. Hakuwa mwanasheria hata hivyo. Alitaka kuona dunia.

Mwaka 1618 alikwenda Uholanzi, akajiunga na jeshi la mwana-mfalme Maurice wa Nassau katika mji wa Breda. Huko alikutana na Isaac Beeckman, mtu aliyependa hesabu na mambo ya asili. Ni Beeckman aliyemwamsha. Kijana yule wa miaka 22, aliyekuwa anachoka na maisha ya kambi, alianza tena kupima, kuchora na kuuliza maswali. Mwaka uliofuata alikuwa Ujerumani, wakati wa baridi kali, akajifungia katika chumba chenye moto. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Novemba 1619 aliota ndoto tatu. Alipoamka aliona ni kama ameonyeshwa kazi ya maisha yake: kutafuta njia moja ya kufikiri, hatua kwa hatua, ambayo ingeweza kufungua elimu zote.

Hapa kuko hadithi ambayo waalimu wanapendaka kusimulia. Wanasemaka Descartes alikuwa amelala kitandani, anatazama nzi anatembea juu ya dari. Akajiuliza: namna gani nitamweleza mtu mwingine pahali nzi huyu alipo? Akaona inatosha kupima umbali wake kutoka kwa ukuta mmoja, na umbali wake kutoka kwa ukuta wa pili. Namba mbili, basi. Hadithi ni tamu, na inafanana na mtu yule wa kulala mpaka saa nne, lakini si historia. Ichukuliwe kama hadithi. Wazo lenyewe njo la kweli, na kila mtu anaweza kulijaribu jioni hii.

Chukua kaye ya makare. Chora mstari mmoja unaolala chini na mwingine unaosimama upande wa kushoto. Pale inapokutana ni sifuri. Namba ya kwanza inakuambia utembee makare ngapi kwenda mkono wa kuume. Watoto wanaiita absisi. Namba ya pili inakuambia upande makare ngapi kwenda juu. Hiyo ni ordone. Zote mbili pamoja ni koordone. Sasa tia doa kwenye (2, 1), kisha (8, 1), kisha (8, 5), kisha (5, 8), kisha (2, 5), na urudi (2, 1). Unganisha madoa kwa kufuata mpango huo. Utapata nyumba na paa lake. Mlango unataka madoa mane tu: (4, 1), (4, 3), (6, 3), (6, 1).

Siku ile huku Kanyaruchinya, mtoto mmoja alipata nyumba bila paa. Aliangalia ya mwenzake, akaangalia yake, akataka kulia. Mwalimu hakumgombeza. Alimwomba aanze tena, doa kwa doa. Kosa lilikuwa moja: kwa doa la nne, pahali pa (5, 8), alikuwa ametia (8, 5). Namba ni zile zile, lakini alizipindua, na doa la paa likaanguka juu ya kona ya ukuta. Tuombe msomaji asisahau nyumba ile. Tutairudia mbele.

Tumrudie kwanza Descartes. Kabla yake, hesabu ilikuwa kama mlima wenye mashimo mawili yasiyojuana. Shimo moja lilikuwa jeometri, elimu ya maumbo, ambayo Wagiriki wa zamani waliichimba kwa kina. Lingine lilikuwa aljebra, elimu ya kutafuta namba iliyofichwa, ambayo ilikuzwa na wataalamu walioandika Kiarabu, kama Al-Khwarizmi wa Baghdad. Mtu wa maumbo alichora, mtu wa namba alihesabu. Descartes alitoboa galeri kutoka shimo moja mpaka lingine. Tangu hapo umbo liliweza kuandikwa kwa namba, na namba ziliweza kuonekana kama umbo. Kwa mfano, tia doa kila pahali ambapo namba ya pili inapita ya kwanza kwa 1: (0, 1), (1, 2), (2, 3), (3, 4). Unganisha: ni mstari ulionyooka. Sentensi moja ya hesabu imekuwa njia.

Kazi hiyo aliifanyia Uholanzi. Alihamia huko mwaka 1628, akabaki karibu miaka 20. Alikuwa mtu wa kuhama-hama: leo mji huu, kesho mwingine, mara nyingi bila kutaka watu wajue anapoishi. Alitaka utulivu. Alikuwa pia na woga. Mwaka 1633 Galileo alihukumiwa Roma juu alifundisha kwamba dunia inazunguka jua. Descartes alikuwa karibu kumaliza kitabu chenye wazo hilo hilo. Aliposikia habari, akakificha. Kuko waliomlaumu kwa hilo. Sisi tunaoishi huku, ambako mtu anapimaka neno kabla ya kulitoa mdomoni, hatutamrushia jiwe.

Mwaka 1637, huko Leiden, alitoa kitabu chake kinachojulikana, Discours de la méthode, bila kutia jina lake juu yake. Nyuma ya kitabu kulikuwa maandiko matatu, na moja liliitwa La Géométrie. Njo hapo galeri ile ilifunguliwa kwa watu wote. Tukumbuke jambo moja: wakati ule elimu ya juu iliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Yeye aliandika Kifaransa, lugha ya nyumbani kwake, kusudi hata wasiopita kwenye shule kubwa waweze kusoma. Ni pia yeye aliyezoeza watu kuandika x, y na z kwa namba zisizojulikana, na a, b na c kwa zile zinazojulikana. Mtoto wako akilalamika juu ya x, umwambie malalamiko yaende kwa Descartes.

Lakini tumpe kila mtu haki yake. Mfaransa mwingine, Pierre de Fermat, alifikia wazo lilo hilo karibu wakati ule ule, bila kumwiga. Na kitabu cha Descartes hakionyeshi makare kama ya kaye, na mistari miwili iliyosimama vizuri kama kwenye tablo. Wengine waliomfuata, kama Frans van Schooten wa Leiden, walikitafsiri kwa Kilatini mwaka 1649 na kukifafanua, na polepole likawa somo ambalo hata mtoto anaweza kulishika. Kazi kubwa haifanywi na mkono mmoja. Mnaofanya zamu shimoni mnajua.

Kuko sehemu ya maisha yake ambayo shule haiisemaki. Huko Uholanzi, Descartes alizaa mtoto na Helena Jans, mwanamke aliyekuwa mtumishi katika nyumba aliyokaa. Mtoto alizaliwa mwaka 1635, akaitwa Francine. Hawakuwa wamefunga ndoa, lakini alimpenda mtoto, na alifikiri kumtuma Ufaransa apate masomo. Mwaka 1640 Francine alishikwa na homa ya vipele vyekundu, akafa, na miaka 5 tu. Yule mtu aliyetafuta hakika katika kila jambo hakuweza kumwokoa. Alilia, na hakuona haya kulia. Wamama na wapapa waliozika watoto huku, wakati wa kolera ao wa kukimbia, hawahitaji tuwaeleze zaidi.

Mwisho wake ulikuwa wa haraka. Mwaka 1649 malkia Christina wa Uswidi alimwita Stockholm amfundishe falsafa. Malkia alikuwa kijana, mwenye nguvu, na alitaka masomo saa 11 ya asubuhi, kabla ya jua. Kwa mtu aliyezoea kitanda mpaka katikati ya asubuhi, katika baridi ya Uswidi, ilikuwa adhabu. Alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa tarehe 11 Februari 1650, na miaka 53. Walimzika huko Stockholm. Mwaka 1666 mifupa yake ilitolewa ili irudishwe Ufaransa. Leo iko katika kanisa la Saint-Germain-des-Prés, huko Paris. Lakini kichwa kilikuwa kimetengwa njiani, na kile kinachosemwa kuwa chake kinalindwa katika jumba la makumbusho, Paris vilevile. Yule aliyetuonyesha namna ya kutaja pahali pa kila kitu, yeye mwenyewe amelala pahali pawili.

Sasa mtauliza: hayo yote yanamhusu nini mchimbaji? Yanamhusu sana. Neno kare mnalitumia kila siku. Mnasema papa ameenda kwenye kare. Lakini kwenye sheria kare ni kitu kamili. Sheria ya migodi ya Congo, ile ya mwaka 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, imegawanya inchi yote kwa makare, kama kaye ya mtoto. Pande zake zinafuata kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Kila upande ni sekunde 30 za digrii, na kare moja ni karibu hekta 85. Ruhusa ya kampuni inahesabiwa kwa makare mazima, na kona zake zinaandikwa kwa koordone. Eneo linalofunguliwa kwa wachimbaji wadogo lina mipaka yake pia. Kwa hiyo kabla nyundo haijagonga jiwe, kuko mtu katika ofisi aliyekwisha kutia doa kwenye makare. Anayesoma yale madoa anajua nani eko nyumbani na nani eko kwa mwenzake. Asiyesoma anaambiwa.

Jirani yetu mmoja huku Kanyaruchinya alichimba kwa miezi mine. Alikuwa na kopi ya karatasi yenye kona nne, na alikuwa ameitia kidole. Alipokuja kupumzika, binti yake aliyekuwa anasoma repere aliomba aione. Alichora makare, kila kare sekunde 30, akatia kona nne, kisha akatia pahali pa shimo la baba, kama simu yake ilivyopaonyesha. Doa lilianguka inje, kare moja nzima upande wa magharibi. Walirudia mara tatu. Karatasi haikuwa na uongo. Ni vile tu hakuna aliyekuwa ameisoma, si baba wala wenzake wa shimo. Miezi mine haikurudi. Lakini hakuanza wa tano pale.

Kwa hiyo tunaacha mambo matatu kwenu. La kwanza: ukipewa karatasi ya eneo, omba koordone za kona zote, na uzinakili wewe mwenyewe. La pili: angalia simu inaandika namna gani. Simu inaweza kuandika digrii 1,5 wakati karatasi inaandika digrii 1 na dakika 30. Ni pahali pamoja, kwa sababu digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Anayesoma 1,5 kama digrii 1 na dakika 5 anapotea kwa kilometa zaidi ya 40.

La tatu ni ile nyumba bila paa. Mpango wa namba si mapambo. Goma iko karibu digrii 1 na dakika 41 kusini, digrii 29 na dakika 13 mashariki. Kwa ramani, namba ya kusini ao kaskazini njo inatajwa mbele, kinyume cha kaye ya shule; kwa hiyo soma herufi inayofuata namba, usitegemee mazoea. Ukizipindua, ukaenda digrii 29 kusini na 1 mashariki, unaanguka katikati ya bahari ya Atlantiki. Ukiandika kaskazini pahali pa kusini, unajikuta Ituri, upande wa Mambasa. Namba zote ni za kweli, ila wewe haupo.

Descartes hakuwaza Congo, hakuwaza koltani. Aliwaza namna ya kusema pahali bila ubishi, na akaiandika kwa lugha ambayo jirani yake angeisoma. Iliyobaki ni kazi yetu. Jioni hii, mtoto akifungua kaye ya makare, papa asimtume inje akacheze. Aketi karibu naye, achukue biki, na waanze na ile nyumba: (2, 1), kisha (8, 1). Paa likisimama vizuri, wachukue karatasi ya shimo.